Jibu: Diski inagonga na kompyuta haikutoa onyo

Dada wa steshenari ya Mwanjelwa, pole. Umeuliza kwa nini kompyuta haikukuonya kabla diski haijaanza kugonga (kutoa mlio wa kugongagonga), na kama kipimo cha afya ya diski hakipaswi kuja na mfumo endeshi wenyewe, kama Windows.

Kwanza okoa kazi za wateja. Diski inayogonga usiipime wala usiruhusu Windows iikarabati, maana kuisoma yote kunaweza kuimaliza. Nakili mafaili muhimu tu, kisha zima. Kama haisomeki kabisa na huna nakala nyingine, tafuta mtaalamu wa kuokoa data. Fundi anayetaka kuifungua mezani pake mkatalie.

Kuhusu swali lako, naam, kipimo kinapaswa kuwemo, na kionekane wazi. Diski nyingi hujipima zenyewe kwa utaratibu uitwao SMART. Ubuntu huonyesha vipimo hivyo kwenye programu yake ya diski, Mac hutoa hali kwa ufupi, na Windows 11, kwenye Settings, huonyesha afya ya diski za NVMe tu, yaani aina ya diski za kasi zisizozunguka. Diski yako, ya aina ya kuzunguka, haimo, na hilo naona ni kosa, kwa sababu maofisi mengi huku kwetu yanategemea diski za aina hiyo.

Kwa diski mpya weka CrystalDiskInfo, programu ya bure ya kusoma vipimo vya SMART. Idadi ya sekta zilizohamishwa (reallocated sectors, yaani sehemu mbovu ambazo diski imeziacha na kutumia za akiba) ikizidi kupanda, badilisha diski mapema. Ila utafiti wa Google wa 2007 ulikuta zaidi ya nusu ya diski zilizokufa hazikuonyesha dalili katika vipimo vinne vikuu vya SMART, kwa hiyo nakala ya pili ni lazima.