Angalizo la upepo mkali na safari ya Zanzibar
Ndugu yangu, umeuliza kama angalizo la upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2 lina maana uahirishe safari ya boti. Angalizo ni daraja la chini la onyo la hali mbaya ya hewa. Juu yake kuna tahadhari, kisha tahadhari kubwa, na utabiri hubadilika upesi, kama Mei 2024 ambapo Kimbunga Hidaya kilipungua nguvu baada ya kufika kisiwa cha Mafia. Kwa hiyo soma taarifa mpya ya Mamlaka ya Hali ya Hewa asubuhi ya safari, ukitazama tarehe yake kwanza, kwani picha za taarifa za juzi bado zinasambazwa. Wenye ngalawa pale Feri, Dar es Salaam, nawasihi wasitoke kabisa.