Mita 30 na mita 90: mlima ni uleule, mbona mteremko tofauti?

SWALI (msomaji, Lushoto): Habari za kazi kaka. Niko na kikundi cha wakulima huku Lushoto, tunataka ramani ya miteremko tujue wapi tuchimbe matuta na wapi tuache miti tu. Nimedaunlodi data za mwinuko wa ardhi, SRTM ya mita 90, SRTM ya mita 30 na Copernicus ya mita 30, nikafungua zote kwenye QGIS, ile programu ya kuchora ramani, sasa kuna ukingo mmoja karibu na barabara ya kutoka Soni kushuka Mombo, ile ya mita 90 inasema nyuzi 18, hizi za 30 zinasema nyuzi 40 na kitu. Nani mkweli hapo? Na nikipata ya mita 10 si ndo nimemaliza?

JIBU: Nzuri ndugu yangu, na swali lako nimelipenda sana, kwasababu wengi wanachukua data ya kwanza wanayoikuta, wanachora ramani, wanasonga mbele, alafu masika yakija matuta yanabomoka.

Anzia hapa. Hizo mita 30 au 90 ni upana wa pikseli, yaani kimraba kimoja cha ramani chenye namba moja ya mwinuko. Kompyuta haipimi mteremko ndani ya pikseli moja, inaangalia majirani, yaani inachukua tofauti ya mwinuko kati ya pikseli ya upande huu na ya upande ule inaigawa kwa umbali uliopo kati yao, ambao ni pikseli mbili. Kwa data ya mita 30 umbali huo ni mita 60, kwa ya 90 ni mita 180. Sasa chukulia ukingo unashuka mita 60 ndani ya mita 60, juu tambarare na chini tambarare. Ya mita 30 itakupa nyuzi 45, ya mita 90 itazitandaza zile mita 60 kwenye mita 180 unapata nyuzi 18 tu. Ukingo umelainishwa. Na Usambara ilivyokatikakatika, korongo la upana wa mita 50 kwenye data ya mita 90 linaweza kupotea lote, wakati kwenye mbuga tambarare tofauti hiyo hata usingeiona. Kwahiyo kwa kazi yako ya mita 90 iache.

Ila usiamini ukubwa wa pikseli peke yake, hapa ndo ninapoumia nikisikia mtu anasema "nina data ya mita 30" kana kwamba zote ni kitu kimoja. SRTM ilipimwa kwa rada kutoka chombo cha anga cha Endeavour kwa siku 11 tu, Februari 2000, na kwa miaka mingi sisi Afrika tulikuwa tunapata ya mita 90, ile ya 30 ilianza kuachiliwa kwetu 2014. ASTER GDEM nayo ina pikseli ya mita 30, lakini imetengenezwa kwa picha za kamera ya setilaiti, penye mawingu mengi inakuja na vishimo na vinundu ambavyo ardhini havipo, kwa milima yenye ukungu kama yenu mimi naona bora SRTM mara mia. Copernicus imetokana na rada za setilaiti mbili za Kijerumani zinazoruka pamoja, vipimo vya 2010 hadi 2015, na kati ya za bure ningeanza na hiyo.

Kuhusu ya mita 10, uliza kwanza imetoka wapi. Ukichukua ya mita 30 ukaikatakata vipande vya mita 10, picha inakuwa laini, inapendeza, faili linavimba mara 9, ila hamna hata korongo moja lililoongezeka.

Alafu angalia projeksheni, yaani namna dunia ya mviringo inavyolazwa kwenye ramani bapa. Data hizi zinakuja kwa nyuzi za latitudo na longitudo huku mwinuko uko kwa mita, ukikokotoa mteremko hivyohivyo nchi nzima inakuwa ukuta wa karibu nyuzi 90. Igeuze kwanza iende UTM zoni 37 kusini, mfumo unaopima umbali kwa mita.

Na shamba la nusu eka, ukipiga hesabu, ni kama pikseli mbili tu za mita 30! Kwahiyo ramani ikuonyeshe mlima upi uanze nao, mstari wenyewe wa tuta mpime kwa fremu A, yaani miti iliyofungwa kwa umbo la herufi A, kama wanavyofanya wakulima siku zote. Chagueni na sehemu 10 mpime mteremko kwa simu palepale, mlinganishe na ramani kabla ya mtu hajashika jembe.

SWALI (mwanafunzi, Kibiti): Shikamoo. Nachora ramani ya mafuriko ya delta ya Rufiji kwa SRTM ya mita 30. Inaonyesha vijiji viko chini na msitu wa mikoko uko juu kama kilima. Nimekosea wapi?

JIBU: Marahaba mwanangu, hujakosea. Rada ile kwa sehemu kubwa haifiki ardhini chini ya majani, inarudi kutoka kwenye majani na matawi yenyewe, kwahiyo mikoko ya mita 10 unaiona kama ardhi iliyoinuka. Tena SRTM inaandika mwinuko kwa mita nzima, 3 au 4, katikati hamna kitu, na delta tambarare inakuwa ngazi ngazi. Copernicus ina desimali lakini nayo inaona miti. Jaribu FABDEM, watu wa Chuo Kikuu cha Bristol waliichukua Copernicus wakakadiria na kuondoa urefu wa miti na majengo, kwa masomo ni bure. Ila nakusihi sana, hata hiyo ina makosa ya mita kadhaa kwa sehemu, usichore mstari wa "maji yakipanda mita 1" ukampelekea mtu aamue alale au ahame. Waulize wazee wa kijiji maji yaliishia wapi 2024, weka alama, ramani yako ifuate alama hizo.

SWALI (msomaji, Bagamoyo): Nimesimama ufukweni, jipiesi inasema niko zaidi ya mita 20 chini ya bahari, wakati SRTM inasema karibu 0. Jipiesi imeharibika?

JIBU: Hapana. Jipiesi yako inahesabu kutoka umbo laini la dunia la kihesabu, SRTM inahesabu kutoka usawa wa wastani wa bahari, na pwani yetu usawa huo uko chini ya lile umbo kwa zaidi ya mita 20. Kwenye mipangilio tafuta sehemu ya kuchagua usawa wa bahari, ikikosekana usilinganishe namba hizo mbili mpaka uzigeuze.