Mdhibiti ubora hafukuzi mwalimu
Je, mdhibiti ubora wa shule hapa Tanzania (hawa tuliowaita wakaguzi) anaweza kumfukuza mwalimu wa serikali papo hapo? Hapana, hawezi. Yeye yuko Wizara ya Elimu. Shule ziko chini ya halmashauri kupitia TAMISEMI (ofisi ya tawala za mikoa na serikali za mitaa), na mashauri ya nidhamu yana Tume ya Utumishi wa Walimu. Nimefundisha msingi, nawajua: atadai azimio la kazi (mpango wako wa ufundishaji) na andalio la somo, atafunua madaftari ya watoto aone kama yamesahihishwa, atakaa dawati la nyuma, kisha ataandika ripoti yenye mapendekezo. Utekelezaji ni wa mwalimu mkuu na halmashauri, na hapo ndipo ripoti nyingi hulala kabatini. Shule binafsi ni habari nyingine, mwajiri ni mwenye shule.