Jinsi ya kutambua huduma za nyumbani kwenye data za madai ya Medicare

Mkuu, umesema unaandika tasnifu ya uzamili huko Marekani, umepewa data za madai ya Medicare, bima ya afya ya serikali ya huko hasa kwa wazee, na msimamizi wako anataka uyagawe mahudhurio ya wazee: nani alilazwa, nani alipita dharura, nani alihudumiwa nyumbani. Umeuliza kama kwa kundi hilo la mwisho inatosha kuchukua kila mstari wenye msimbo wa mahali pa huduma namba 12, yaani nyumbani kwa mgonjwa.

Haitoshi, na nitakueleza kwa nini. Nilianza kama mhudumu wa majumbani nikiogesha wazee, baadaye nikakaa dawati la kuandaa madai la wakala mmoja, na sasa ni mchambuzi wa data. Kwa hiyo mistari unayoiona naijua tangu kabla haijawa mistari.

Dai ni ombi la kulipwa. Halikuandikwa ili kumweleza mtafiti nani alimwona nani. Ukishika hilo, mengi yanajieleza.

Tuanze na hiyo 12 yako. Wanaokodisha na kuuza vifaa tiba nao huandika 12, kwa sababu kifaa kinatumika nyumbani. Medicare hulipia ukodishaji wa mashine ya oksijeni mwezi kwa mwezi, hadi miezi 36. Maana yake mzee mwenye mashine hiyo ataonekana katembelewa kila mwezi kwa miaka mitatu, na hakuna aliyebisha hodi. Kwenye mafaili ya watafiti vifaa vina faili lake peke yake, lakini mtu akishayaunganisha yote kuwa jedwali moja, kama ulivyoeleza kwamba ulipokea, vinaingia humo humo. Viondoe kwanza.

Tatizo la pili ni kubwa zaidi. Wauguzi na wataalamu wa mazoezi ya viungo wanaotumwa na wakala wa huduma za nyumbani huduma zao haziombewi malipo kwenye fomu ya madaktari, CMS-1500. Zinaombewa kwenye fomu ya taasisi, UB-04, na fomu hiyo haina kabisa sehemu ya msimbo wa mahali pa huduma. Kwa hiyo kichujio chako kitakuletea mashine za oksijeni na kukuachia nje wauguzi wote. Hapo unatakiwa utazame aina ya bili: inayoanza na 32 ndiyo ya wakala wa nyumbani.

Fungua dai moja la namna hiyo ulisome mstari kwa mstari. Juu kabisa utakuta msimbo wa mapato (namba inayotaja aina ya huduma ya mstari) 0023 wenye msimbo wa malipo wa tarakimu na herufi tano. Huo ni wa kukokotolea bei, si ziara. Chini yake, msimbo wa mapato 0551 na msimbo wa huduma G0299, vizio 3: muuguzi aliyesajiliwa alikuja, akakaa kama dakika 45, kwa kuwa kizio kimoja ni dakika 15. Kisha 0421 na G0151, mtaalamu wa mazoezi. Kisha 0571 na G0156, vizio 4: huyo ni mhudumu, saa nzima, kazi niliyokuwa naifanya mimi. Utakuta pia mstari wa Q5001, ambao unasema tu kwamba huduma ilitolewa nyumbani kwa mgonjwa. Huo nao usiuhesabu, maana una tarehe ile ile ya ziara ya kwanza na utakuzalishia ziara hewa.

Kwa hiyo usihesabu madai, hesabu mistari ya ziara. Na hapa kuna mtego wa miaka. Kabla ya Januari 2020 malipo yalikwenda kwa kipindi cha siku 60. Tangu hapo ni siku 30. Anayehesabu madai ataona huduma za nyumbani kama zimeongezeka mara mbili mwaka 2020, kumbe wauguzi ni wale wale na wagonjwa ni wale wale. Halafu amua mapema: muuguzi na mtaalamu wa mazoezi wakija siku moja, ni mahudhurio mawili au siku moja ya huduma? Mimi hutunza vipimo vyote viwili, kila kimoja kwenye safu yake. Mgonjwa, aina ya mhudumu na tarehe, ndiyo ziara. Mgonjwa na tarehe, ndiyo siku ya huduma.

Madaktari wanaokwenda nyumbani ni kundi jingine. Misimbo yao ni 99341 hadi 99350. Tangu 2023 misimbo hiyo imemeza ile ya 99324 hadi 99337, iliyokuwa ya wazee wanaoishi kwenye makao yenye msaada. Kwa hao, namba ya mahali ndiyo inayokuokoa: 12 ni nyumbani kwake, 13 ni makao yenye msaada, 14 ni nyumba ya kundi, 33 ni makao ya matunzo ya kawaida. Uwe macho na 2020 na miaka iliyofuata, kwani wakati wa Korona ziara hizo ziliruhusiwa kufanyika kwa video. Ukiona 99349 yenye modifaya 95, yaani alama ya nyongeza ya ziara ya video, daktari hakwenda popote. Vilevile G0180 ni daktari kuidhinisha mpango wa huduma za nyumbani. Ni sahihi kwenye karatasi, wala haihitaji hodi.

Hospisi, yaani huduma kwa wagonjwa walio mwishoni mwa maisha, ina mantiki yake: inalipwa kwa siku, hata siku ambayo hakuna aliyefika. Msimbo wa mapato 0651 unaitwa huduma ya kawaida ya nyumbani, lakini jina hilo ni la kiwango cha malipo tu. Mgonjwa anaweza kuwa na 0651 huku amelala kwenye makao ya wazee. Angalia Q iliyoambatana nayo: Q5001 ni nyumbani kwake, Q5002 ni makao yenye msaada, Q5003 na Q5004 ni makao yenye wauguzi. Siku za hospisi ziweke peke yake, usizijumlishe na ziara.

Kulazwa ni rahisi: aina ya bili 11. Dharura ni misimbo ya mapato 0450 hadi 0459, na mtu akipokelewa wodini kutoka dharura kwenye hospitali hiyo hiyo, gharama hizo huingia ndani ya dai la kulazwa, hivyo zitafute kote. Bili za madaktari za siku alizolazwa zikunje ndani ya kulazwa huko. Ziara ya nyumbani iliyoangukia katikati ya kulazwa ni kosa la tarehe au jambo la kuchunguza. Ziara ya siku ya kuingia au ya kutoka ni halali.

Kabla ya yote hayo, toa miezi ambayo mtu alikuwa Medicare Advantage, yaani mipango ya Medicare inayoendeshwa na kampuni binafsi za bima. Zaidi ya nusu ya wanufaika sasa wako huko, na madai yao hayapo kwenye mafaili ya kawaida. Usipowatoa watasomeka kama watu wasiougua.

Sasa jambo ninalokuomba ulichukulie kwa uzito. Medicare hailipii mtu wa kuogesha, kulisha na kuvalisha kama mgonjwa hahitaji pia muuguzi au tiba. Kazi hiyo hulipwa na Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, mara nyingi kwa msimbo T1019, wa dakika 15 kwa kizio, na hiyo ni data nyingine ambayo hukupewa. Waliobaki wanalipa mfukoni, au binti anaacha kazi akae na mama yake. Saa hizo hazina dai popote. Nimewahi kukaa usiku kucha na mzee mwenye kusahau, familia ikinilipa taslimu, na kwenye faili la Medicare mzee huyo hana hata mstari mmoja wa nyumbani mwaka mzima.

Kwa hiyo safu yako usiiite "hakupata huduma ya nyumbani". Iite "hana dai la huduma ya nyumbani lililolipwa na Medicare". Ni jina refu, msimamizi atataka ulifupishe, usikubali. Ukimaliza kuandika kanuni zako, chagua wagonjwa wachache kwa bahati nasibu, chapisha mistari yao yote kwa mpangilio wa tarehe, na uisome na mtu aliyewahi kufanya kazi ya wakala. Ukimkosa huko uliko, weka hapa misimbo na tarehe za kubuni zinazofanana na zako, kamwe usiweke za wagonjwa wenyewe, tutaisoma pamoja.