Chupa ya maji kwenye mabati haiwaki usiku
Je, taa ya chupa ya maji huwaka hata usiku? La, chupa ya lita 2 iliyojazwa maji na kupachikwa kwenye paa la mabati haitoi mwanga usiku, kwa kuwa haihifadhi nishati bali hupinda miale ya jua na kuisambaza chumbani, kama alivyobuni fundi Alfredo Moser wa Brazili mwaka 2002. Jiki (dawa ya kung'arisha nguo) ya kujaza vifuniko viwili, ikitiwa ndani ya chupa, huzuia maji yasigeuke kijani. Katika karakana ya jua kali hapa Kibuye, Kisumu, nimeona fundi mchana akisoma alama ndogo za rula chini ya chupa hiyo, mlango ukiwa umefungwa. Muhimu zaidi, ziba vizuri ukingo wa tundu la paa kwa silikoni, maana mvua zetu za jioni hupenya hata kwenye ufa mwembamba. Kwa usiku utahitaji balbu ya LED, betri na paneli ndogo ya sola.