Tusipozungumza juu ya kifo, woga hutuamulia

Mimi ni mzaliwa wa Kakamega, lakini maisha yangu ya ndoa yote yamekuwa Kisumu, na hapa mtaani kina mama wameniachia kazi ya kuweka hazina ya chama chetu. Daftari la chama ukilishika kwa miaka, linakufunza watu. Akifariki mtu, simu yangu haitulii. Pesa zinaingia kwa M-Pesa hadi usiku wa manane, hata kutoka kwa wale ambao kwa mchango wa kawaida huwa nawakumbusha mpaka naona haya. Lakini mtu huyohuyo alipokuwa amelazwa, na mimi nikatuma ujumbe kwamba daktari anataka apigwe skani, waliojibu walikuwa wachache sana.

Nililiwaza jambo hili kwa muda mrefu, kwa sababu nawajua wanachama wenzangu na roho zao si mbaya. Nadhani mgonjwa hututisha kuliko maiti. Ukiketi kando ya kitanda chake unajiona wewe mwenyewe pale, umekonda, unahesabiwa vidonge. Marehemu ameshavuka. Hema tunaweza kulikodi, ng'ombe tunaweza kumnunua, sare tunaweza kuzishona, na shughuli zote hizo zinatupa nafasi ya kutojiuliza lolote.

Ndiyo maana nataka kuandika kuhusu woga huu. Mara nyingi haujitokezi kama woga. Hujitokeza kama heshima kwa mila, kama imani, kama kuwa na kazi nyingi, na mara nyingine kama hasira. Usipoutambua, utakufanyia maamuzi makubwa ya maisha yako ukidhani umeamua mwenyewe.

Chukua suala la kupimwa. Watu wa kandokando ya ziwa tuna historia nzito na jambo hili. Miaka ya 1980 na 1990, ukimwi ulipokuwa ukimaliza vijana, familia nyingi zilisema ni chira, ile adhabu inayomkausha mtu aliyevunja miiko. Kwa wakati ule nawaelewa. Kupimwa kulikuwa kusomewa hukumu, kwa sababu dawa hazikuwapo, na zilipokuja mtu wa kawaida hakuweza kuzinunua. Leo mambo ni tofauti kabisa. Tangu 2006 dawa za kupunguza makali ya virusi hutolewa bure katika hospitali za umma, na mtu anayezimeza vizuri mpaka virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenzake kwa tendo la ndoa. Sababu ya kuogopa imepungua mno, ila woga wenyewe tumerithishana kama shamba. Nimewaona vijana waliozaliwa baada ya dawa kufika wakiogopa kwa sauti ileile ya wazazi wao.

Ni vivyo hivyo kwa saratani, presha na sukari. "Afadhali nisijue." Maneno hayo nimeyasikia kutoka kwa watu wasomi, wenye kazi nzuri, watu ambao gari likitoa mlio mdogo tu wanalikimbiza gereji siku hiyohiyo. Wazee wetu walishasema mficha maradhi kilio humfichua, na nimehudhuria vilio vya kutosha kuthibitisha.

Njia iliyofaa kwetu nyumbani haikuwa mahubiri. Mtu mwenye woga ukimhubiria anazidi kujifungia. Mume wangu alikuwa amekataa kupimwa presha kwa muda mrefu, na kila nilipoligusia alikumbuka kazi fulani nje. Siku moja nikamwambia naenda kupimwa mimi, anisindikize kwa sababu naogopa. Hapo alikuja mbio. Muuguzi alipomaliza kunifunga ule mkanda mkononi, akamgeukia na kumwambia, "Na wewe baba, leta mkono." Akaleta. Hakuna aliyembishia, hakuna aliyemwita mwoga, na kidonge anachomeza sasa kila asubuhi kilitokana na siku hiyo.

Kwa kina mama nasema hivi: uchunguzi wa mlango wa kizazi nendeni wawili wawili. Wengi tunauogopa kwa kuwa hatujui unafanywaje, kwa hiyo acha nieleze. Unalala kitandani, muuguzi anaingiza kifaa cha kufungulia njia, anapaka siki iliyozimuliwa, kisha anasubiri kama dakika moja. Sehemu yenye seli zisizo za kawaida hugeuka nyeupe. Unahisi ubaridi, pengine mwasho kidogo, basi. Mabadiliko hayo yakionekana mapema yanatibiwa kabla hayajawa saratani. Rafiki niliyekwenda naye mara ya kwanza alinishika mkono kwenye benchi la kusubiri kwa nguvu mpaka pete ikaniumiza, na tulipotoka alicheka njia nzima hadi stendi. Hakuwa ameogopa kipimo. Alikuwa ameogopa mlango wa chumba kile.

Sasa nije kwenye jambo ambalo ndilo gumu zaidi kwetu watu wa magharibi ya Kenya, yaani wosia.

Kwetu, mtu mzima akitaja wosia anaambiwa anajiita kaburini. Mtoto akiuliza hati ya shamba iko wapi, anaambiwa anamharakisha baba yake. Basi wote wananyamaza. Matokeo yake ni kwamba ukipita vijiji vya Vihiga, Siaya au Busia utakuta mashamba mengi ambayo hati zake bado zina jina la babu aliyefariki zamani. Wajukuu wamejenga, wamezaa, wamezika pale, na kisheria hakuna mwenye kipande. Kufungua mirathi baada ya hapo ni safari ndefu: barua ya chifu, ombi mahakamani, tangazo kwenye gazeti rasmi la serikali na siku 30 za kungoja pingamizi, kisha kwa kawaida miezi sita kabla mgao haujathibitishwa. Hapo ni pale ambapo hakuna anayegomba, na wewe unajua kama kwenu hakuna anayegomba.

Nilipotaka kuzungumza na baba yangu, nilijua nikitaja kifo nitakuwa nimeyafunga mazungumzo kabla hayajaanza. Nikamwomba anionyeshe mipaka. Tulizunguka shamba asubuhi, yeye na fimbo yake, mimi na daftari. Alinionyesha mti wa mpaka uliopandwa na babu, mahali palipokuwa na njia ya ng'ombe, kipande alichonunua kutoka kwa jirani kwa pesa za kazi ya miwa Mumias, na kipande alichomwazima binamu yake ambacho binamu sasa anakiona chake. Alizungumza kuliko nilivyowahi kumsikia. Tulipofika kisimani akasimama, akasema, "Sasa haya yote mtayajuaje nikiwa sipo?" Swali lilitoka kwake mwenyewe. Wiki hiyohiyo aliwaita ndugu zangu wote, wa kike kwa wa kiume, na kuyarudia mbele yao, kisha akayaweka kwenye karatasi.

Karatasi yenyewe si ya kutisha. Sheria ya Urithi ya Kenya inataka mwandishi awe ametimiza miaka 18 na akili zake ziwe timamu, atie sahihi au alama yake, na mashahidi wasiopungua wawili wathibitishe. Shahidi asiwe mtu anayerithi chochote ndani ya wosia huo. Wakili anasaidia sana lakini si lazima. Wosia wa mdomo nao unakubalika mbele ya mashahidi wawili, ila una nguvu ikiwa tu aliyeutoa atafariki ndani ya miezi mitatu, kwa hiyo yale maneno ambayo mzee aliyasema Krismasi ya miaka mingi iliyopita, akiwa ameshiba, hayatawafikisha mbali mahakamani.

Kuhusu mahali pa kuzikwa, karatasi peke yake haitoshi, na hapa kila mtu wa rika langu anakumbuka kisa cha wakili S. M. Otieno. Alifariki tarehe 20 Desemba 1986. Mjane wake, Wambui Otieno, alitaka amzike shamba lao karibu na Ngong, akisema ndivyo marehemu alivyotaka. Ukoo wake wa Umira Kager ukasema Mjaluo huzikwa kwao. Kesi ilipanda hadi Mahakama ya Rufaa, ukoo ukashinda, na akazikwa Nyalgunga, Siaya, tarehe 23 Mei 1987. Miezi mitano mwili umelala mochari, na yeye alikuwa mtu wa sheria. Mimi simlaumu, wengi wetu tuko vilevile. Ninachokichukua pale ni kwamba kama una matakwa yasiyolingana na desturi ya kwenu, yaseme ukiwa hai, mbele ya ukoo, kwa sauti, mpaka wale watakaokupinga wakupinge ukiwepo. Ugomvi huo ukiuepuka leo, unamwachia mjane wako.

Kuna upande wa woga huu ambao haupewi uzito wa kutosha, nao ni ukali. Mwaka 1989 wanasaikolojia wa Marekani walichapisha jaribio walilofanya na mahakimu 22 huko Tucson, Arizona. Mahakimu walipewa kesi ya kubuni ya mwanamke aliyeshtakiwa kwa ukahaba, wapange dhamana. Nusu yao, kabla ya kupanga, waliombwa kwanza waandike watakavyokufa na mwili wao utakavyokuwa. Wale ambao hawakukumbushwa kifo walipanga wastani wa dola 50. Waliokumbushwa walipanga dola 455. Kesi ni ileile. Sheldon Solomon, Jeff Greenberg na Tom Pyszczynski, ambao walihusika katika utafiti huo, wanaeleza kwamba tukiguswa na wazo la kufa tunang'ang'ania zaidi yale tuliyolelewa nayo, na tunamwadhibu zaidi anayeonekana kuyavunja.

Niliposoma habari hiyo nilifikiria matanga yetu moja kwa moja. Matanga ni wiki nzima ya kukumbushwa kifo, mchana na usiku. Na ni wiki hiyohiyo ambayo mjane huulizwa alimpikia nini marehemu, wakwe wanachukua funguo za nyumba, na mtu mwenye wivu wa zamani anapata wasikilizaji. Mbali zaidi ya hapo kuna mauaji. Oktoba 2021, Marani katika kaunti ya Kisii, wanawake wanne wazee waliuawa na kundi la watu kwa tuhuma za uchawi. Jamii ikitishika hutafuta mtu wa kubebeshwa kitisho hicho, na mara nyingi huwa ni mwanamke mzee asiye na mtetezi. Linaniuma jambo hili, na sitaki tuliite utamaduni.

Kwa hiyo kuna kanuni ambayo familia yetu tumekubaliana nayo, na naiombea kila familia: kabla ya mazishi na wiki chache baada yake, hakuna kugawa, hakuna kuuza, hakuna kutuhumu. Nimeiona ikifanya kazi. Usiku wa kuamkia mazishi ya mmoja wa baba zangu wadogo, kikao cha ukoo kikiwa kimekaa karibu na moto, kijana mmoja alianza kusema kwamba mama mdogo ndiye aliyechelewesha gari la hospitali. Mzee aliyekuwa akiongoza hakumkemea. Alimuuliza kama ana jambo la kaburi la kesho. Kijana akasema hapana. "Basi lilete mwezi ujao, tutakuketia." Mwezi uliofuata hakulileta. Mama mdogo bado anaishi nyumbani kwake, na kijana huyo ndiye anayemlimia.

Ukiwa wewe ndiwe mfiwa, mwombe mtu mmoja unayemwamini akuzuie. Mwambie mapema: nikitaka kuuza ng'ombe, nikitaka kumfukuza mtu, nikitaka kuapa sitaongea na ndugu yangu tena, niambie tusubiri.

Sitawaambia watu wafute mila za mazishi. Kulia pamoja kunaponya, na tulijua thamani yake 2020 wakati wa korona, tulipoona Siaya mtu akizikwa gizani na watu waliovaa mavazi ya kujikinga, bila jamaa kumzunguka. Kijiji kizima kilihisi kimefanyiwa ubaya. Ninalopinga ni huduma zetu zote kungoja mpaka mtu afe.

Hapo ndipo nimefika na chama changu. Tuna mfuko wa matanga ambao haujawahi kukauka, na tuna wanachama ambao hawajalipia bima ya afya ya serikali, yaani SHA, ambayo kiwango chake cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi. Nimependekeza sehemu ya mfuko huo iwakopeshe wanachama pesa za bima ya mwaka, wairudishe kidogokidogo, na kila robo mwaka tuwe na siku moja ya kwenda kupimwa kwa pamoja tukiwa na sare zetu zilezile za matanga. Baadhi ya mama wamekubali papo hapo. Wengine wanasema kugusa pesa za matanga ni kuvuta mkosi, na mama mmoja ninayemheshimu sana aliniuliza nani atamzika vizuri ikiwa mfuko utapungua. Nilimjibu kwamba mimi nitamzika, lakini kwanza Jumanne aje nimsindikize apimwe sukari. Amesema atafikiria. Pendekezo linapigiwa kura mkutano ujao.