Mikaratusi ya usharika imekausha chemchemi: tuikate yote?

Swali: Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mzee wa kanisa katika usharika mmoja wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) upande wa Machame, Kilimanjaro. Miaka 12 iliyopita tulipanda mikaratusi kwenye eneo la kanisa, mingine hatua chache tu kutoka kwenye chemchemi. Tulitaka kuuza nguzo na mirunda ili tuezeke kanisa. Siku hizi kiangazi kikifika maji yanapungua mno. Wenzetu wa bondeni wanasema kanisa limewakaushia maji, na juzi vijana nusura wapigane kwenye mfongo, yaani mfereji wetu wa asili wa maji. Baraza la wazee limegawanyika. Wengine wanasema haya ni mabadiliko ya tabianchi, miti haina kosa. Je, tuikate yote? Na watoto wa kipaimara wapande nini?

Jibu: Amina, mzee wangu. Kwa umbali huo, mikaratusi yenu ina kesi ya kujibu.

Kule Mokobulaan, Afrika Kusini, watafiti walipanda mikaratusi mwaka 1969 kwenye kibonde kilichokuwa cha nyasi tupu. Mwaka wa tisa kijito kikakauka kabisa. Miti ilikatwa ikiwa na miaka 16, na bado ilipita miaka mitano ndipo maji yakarudi kutiririka mwaka mzima. Kwa hiyo mkishakata, msiende bondeni kuwaahidi watu maji ya mwakani. Ahadi ya namna hiyo ikivunjika italeta ugomvi mkubwa kuliko wa mfongoni.

Wanaosema tabianchi nao hawajakosea kabisa. Mvua zimebadilika, na barafu ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu mwaka 1912. Lakini barafu tunaililia kuliko inavyotulisha. Mito ya mlimani hupata maji yake hasa kwenye ukanda wa msitu, kwa mvua na ukungu unaonaswa na miti ya asili. Tabianchi isiwe kichaka cha kujifichia wakati mti mliopanda wenyewe umesimama juu ya jicho la maji.

Kabla ya msumeno, pimeni. Tafuteni ndoo ya lita 20 na simu yenye saa. Kingeni maji yote yanayotoka, mara moja kwa wiki, saa ile ile ya asubuhi, kisha muandike sekunde zilizotumika kuijaza. Ikijaa kwa sekunde 40, mnapata nusu lita kwa sekunde, yaani lita 1,800 kwa saa. Andikeni pia siku za mvua. Daftari likae kwa watu wawili, mmoja wa usharika na mmoja wa bondeni, tena ningependa huyo wa bondeni awe mama anayechota maji mwenyewe. Takwimu za upande mmoja hakuna atakayeziamini.

Kuhusu sheria, hati ya kiwanja cha kanisa haiwaokoi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu au za kuhatarisha mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bwawa. Kijito chenu kinaanzia kwenye chemchemi hiyo, basi pimeni kuanzia hapo. Hata hivyo msikate bila kibali. Muoneni kwanza afisa misitu wa wilaya.

Sasa, yote? Hapana. Anzeni na iliyo ndani ya mita hizo 60, iliyo karibu zaidi na maji itangulie. Kateni baada ya masika, udongo ukiwa umekauka, na visiki msiving'oe, kwa maana mizizi ndiyo inayoshika mteremko. Ila kisiki cha mkaratusi hakifi kwa kukatwa. Usipokishughulikia kitachipua, shina moja linakuwa manne, na yote yanakunywa. Kibandueni gome mpaka usawa wa ardhi, na machipukizi yavunjwe kila mwezi mpaka kisiki kichoke. Hapo ndipo sharika nyingi hushindwa, kwa sababu siku ya kukata watu hujaa, ya kuvunja machipukizi anabaki mlinzi peke yake.

Mikaratusi iliyo juu, mbali na maji, iacheni. Inawapa kuni na nguzo, na inapunguza shoka msituni.

Karibu na chemchemi pandeni mkuyu, mfuruanje, mringaringa na msesewe. Mkuyu hauhitaji kitalu. Tawi nene likichomekwa mwanzoni mwa mvua linashika. Msesewe unapenda kandokando ya maji, na gome lake wazee wanalijua kwa kazi ya mbege, pombe yetu ya ndizi, ingawa mchungaji wenu huenda asifurahi nikilitaja.

Watoto wa kipaimara wana mfano mzuri nyumbani. Askofu Fredrick Shoo wa Dayosisi ya Kaskazini alijulikana kama askofu wa miti, na kupanda miti kukawa sehemu ya mafundisho ya kipaimara. Shida ninayoikuta sharikani ni kuhesabu miche iliyopandwa badala ya iliyo hai. Mtoto apande mvua zikianza, atoe kiriba cha plastiki (wengi hufukia nacho!), azungushie miba kwa ajili ya mbuzi, na mwalimu aukague mche baada ya kiangazi kimoja.

Limebaki suala la fedha, na nadhani ndilo gumu kuliko miti. Mwaka 1990 Baraza la Makanisa Ulimwenguni lilikutana Seoul likazungumzia haki, amani na uumbaji kwa pamoja. Kwenu yote matatu yako kwenye mirunda hiyo, kwani mapato ni ya usharika, na hasara inabebwa kichwani na binti anayefuata maji mbali. Sehemu ya mauzo ijenge uzio wa chemchemi na kulaza bomba la kwenda chini. Kikao kifanyike ofisi ya kijiji, si ukumbi wa kanisa, maana bondeni kuna Wakatoliki na Waislamu pia. Kamati ya mfongo iwepo, na kama mna jumuiya ya watumia maji chini ya Bodi ya Maji Bonde la Pangani, ialikwe. Muhtasari usainiwe na pande zote mbili, uambatishwe kwenye ombi la kibali, na mnunuzi wa nguzo aitwe baada ya hapo.